Tandiko la farasi wa thorobredi mwenye mwinuko mrefu wa mabega: naomba ushauri kabla sijanunua

MFUGAJI WA KISESA

Ndugu zangu wa kanda ya ziwa, nawasalimu nyote, na wakubwa shikamooni. Ninaomba msaada katika jambo ambalo hapa Mwanza sijapata mtu wa kunisaidia kulimaliza, kwa sababu watu wanaojua kufunga nira za ng'ombe na mikokoteni ya punda wako wengi, lakini mtu anayejua kupima tandiko la farasi bado sijamwona.

Nina farasi dume aliyehasiwa, wa aina ya thorobredi, mwenye umri wa miaka tisa. Alikuwa akikimbia mashindano katika uwanja wa Ngong, Nairobi, akastaafishwa, kisha akaletwa kwa lori kupitia Sirari, Tarime na Bunda hadi hapa Kisesa. Urefu wake mabegani ni sentimita 163, na mkanda wa kukadiria uzito unaonyesha kilo 470 hivi. Mwinuko wa mabega yake umepanda sana na unaendelea kuelekea nyuma kuliko nilivyozoea kuona kwa farasi wengine, na nyuma ya kila kombe la bega kuna bonde ambamo kiganja changu kinaingia. Upande wa kulia, karibu na bonde hilo, kuna baka la nywele nyeupe katikati ya manyoya ya kahawia. Nikimpapasa hapo hashtuki, ila hulaza masikio nyuma kila ninapomwekea kitu mgongoni.

Sina nia ya kumshindanisha wala kumrusha vizuizi. Ninataka kumpanda asubuhi kwa mwendo wa kawaida na wa mchakamchaka katika njia za vumbi zinazoelekea ziwani, ambako kuna vilima vya mawe vya kupanda na kushuka. Mimi nina uzito wa kilo 78.

Nimepata matandiko matatu ya kuchagua. La kwanza ni la ngozi, la mtindo wa Kiingereza, lililojazwa sufu, lenye kikalio cha inchi 17, na muuzaji aliyeko Arusha anasema ni jembamba na kwamba limetengenezwa hasa kwa ajili ya thorobredi. La pili ni la ngozi ya kutengenezwa, nalo lina chuma cha mbele ambacho mtu anaweza kukifungua na kuweka kipana zaidi au chembamba zaidi. La tatu ni tandiko kubwa la mtindo wa wachunga ng'ombe wa Marekani, zito, lenye pembe mbele. Rafiki zangu wananiambia nichukue lolote lililo rahisi kisha niweke blanketi nene chini yake. Ninaomba mnieleze nianzie wapi, na kama ni kweli kwamba mwembamba wa mgongo anahitaji tandiko jembamba.


MAMA WA DUNGA, KISUMU

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuuliza kabla hujalipa. Nimekaa na farasi waliostaafu mbio kwa muda mrefu wa maisha yangu, na ninachotaka kukuambia kwanza ni kwamba usilisikilize jina la tandiko. Thorobredi ni ukoo uliofungwa, ambao kwa upande wa mababa unarudi kwa madume watatu walioingizwa Uingereza kati ya mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18, yaani Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Hata hivyo migongo ya wazao wao inatofautiana sana, na wawili waliozaliwa na mama mmoja wanaweza kukataa tandiko lilelile. Isitoshe, neno jembamba halina kipimo kimoja. Kila mtengenezaji ana chake, na jembamba la huyu linaweza kuwa la wastani la yule. Kwa hiyo maneno ya muuzaji wa Arusha hayakuambii lolote mpaka umeushika mgongo wa farasi wako wewe.

Hayo mabonde uliyoyaona nyuma ya makombe ya mabega ndiyo kiini cha suala lako. Farasi mwembamba kwa umbo na farasi aliyepungukiwa na misuli wanaonekana sawa kwa jicho la haraka, lakini hawahitaji tandiko la namna moja. Katika mbio, mpandaji husimama juu ya vikuku, yaani vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye tandiko, uzito wake ukiwa mbele juu ya mabega, na tandiko la mashindano lenyewe linaweza kuwa na uzito usiofika hata kilo moja. Farasi huyo hajawahi kufundishwa kuinua mgongo wake chini ya mtu aliyekaa. Ukiongeza hapo tandiko lolote lililowahi kumbana, misuli ya pale nyuma ya bega hunywea, na nywele zinazoota mahali palipobanwa sana hutoka nyeupe kwa sababu chembe zinazotia rangi zimeharibiwa. Baka lile ni kumbukumbu ya shinikizo la zamani, si lazima liwe maumivu ya leo, lakini linakuonyesha hasa mahali ambapo ncha ya kiunzi cha tandiko ilikuwa inachimba.

Sasa ukinunua tandiko linalojaza mabonde hayo barabara, umeyafungia yabaki mabonde. Misuli haiwezi kuota mahali palipokwisha kukaliwa na ubao au chuma. Kinachotakiwa ni tandiko ambalo upana wake wa mbele unamtosha farasi atakavyokuwa misuli ikirudi, kisha nafasi ya sasa inajazwa kwa vipande vyembamba vya sponji au vya sufu iliyoshindiliwa, vinavyowekwa katika mifuko ya pedi iliyoshonwa kwa kazi hiyo, na kupunguzwa kidogokidogo kadiri mgongo unavyojaa. Wengi huuliza kama hilo halimfanyi farasi avae kitu kikubwa. Linamfanya avae kikubwa kidogo kilichosawazishwa, nalo ni afadhali mara nyingi kuliko kidogo kinachobana.

Kabla ya lolote, chora mgongo. Nenda duka la vifaa vya umeme ununue waya mnene mmoja wenye ganda la plastiki, urefu wa sentimita 60 au zaidi, wa aina inayopinda na kubaki ilivyopindwa. Kama utapata rula ya kupindika ya wachoraji, ni bora zaidi. Msimamishe farasi mahali tambarare, shingo na kichwa vikiwa vimenyooka mbele, miguu imekaa sawa pande zote. Tafuta kwa vidole ukingo wa nyuma wa kombe la bega, rudi nyuma yake vidole viwili, uulaze waya hapo juu ya mwinuko na kuushusha pande zote mbili ukiushindilia taratibu ushike umbo. Uinue bila kuubana, uulaze juu ya katoni, uchore ndani ya waya. Fanya hivyo tena mahali mwinuko unapomalizikia, na mara ya tatu karibu na mahali ambapo tandiko litaishia. Mwisho ulaze waya kwa urefu, kutoka juu ya mwinuko kufuata uti wa mgongo kwenda nyuma, ili uone kama mgongo umebonyea au umenyooka. Andika tarehe kwenye kila mchoro na uandike upande wa kushoto na wa kulia, kwani farasi wengi wana bega moja kubwa kuliko jingine, na wewe utapima kwa bega kubwa, kisha ule upande mdogo ndio utakaojazwa.

Kata katoni kwa kufuata mstari, nawe utakuwa na kipande unachoweza kukiingiza chini ya tandiko lolote, au kumpigia picha muuzaji aliye mbali. Hata yule wa Arusha anaweza kukikata cha kwake kwa kufuata picha yenye rula pembeni, na kukwambia ukweli kabla hujalipa nauli ya mzigo.

Tandiko likikufikia, liweke bila pedi wala blanketi. Liweke mbele kidogo, juu ya mwinuko, kisha lisogeze nyuma kwa upole mpaka lisimame lenyewe. Hapo ndipo mahali pake. Watu wengi huliweka mbele mno, juu ya makombe ya mabega, kwa kudhani kwamba mpandaji anapaswa kukaa karibu na shingo. Kombe la bega hurudi nyuma na kuzunguka kila mguu wa mbele unaponyooka, na likikuta ncha ya kiunzi linagonga. Ukitazama kutoka mbele, mteremko wa tao la mbele ufanane na mteremko wa bega. Ukiwa mkali zaidi, ncha zinachimba chini, na ukiwa mlegevu zaidi, tandiko linashuka na kulalia mfupa.

Kuhusu nafasi juu ya mwinuko, kipimo kinachotajwa na watu wengi ni vidole viwili au vitatu ukiwa umekwisha kukaa juu yake. Nakubaliana nacho, lakini kwa thorobredi hakitoshi. Mwinuko wake ni mrefu kwenda nyuma, kwa hiyo pitisha mkono ndani zaidi, chini ya kikalio, uone kama bado kuna nafasi huko, kisha upapase na pande za mwinuko, maana tandiko linaweza kuacha uwazi mzuri kwa juu huku linabana ubavuni. Kwa farasi wenye mwinuko wa juu sana kuna matandiko ambayo tao lake la mbele limekatwa kurudi nyuma, nayo huwasaidia. Mfereji wa katikati, unaopita juu ya uti wa mgongo, uwe na upana wa vidole vitatu au vinne, na upana huo usipungue popote kuanzia mbele hadi nyuma. Matandiko mengi ya zamani yana mfereji mpana mbele na mwembamba kabisa nyuma, nami nisingechukua tandiko la namna hiyo hata likiwa limetunzwa vizuri kiasi gani.

Halafu kuna tatizo ambalo thorobredi hulipata kuliko farasi wa mviringo: mito ya chini, yaani ile miwili ya tandiko inayolala juu ya mgongo, inagusa mbele na nyuma tu, katikati inabaki hewani. Pitisha kiganja kilicholala kati ya mto na mgongo, kutoka mbele hadi nyuma, mshipi, yaani ule mkanda unaopita chini ya kifua kulishika tandiko, ukiwa umefungwa kidogo. Ukiona mkono unabanwa, kisha unalegea, kisha unabanwa tena, uzito wako wote wa kilo 78 utakuwa umesimama juu ya sehemu nne ndogo. Farasi wako amebonyea nyuma ya mwinuko, kwa hiyo jihadhari na mito iliyonyooka.

Kwa upande wa nyuma, tandiko lisivuke ubavu wa mwisho. Farasi ana pingili 18 za uti zinazobeba mbavu, na baada ya pale hakuna mbavu za kusaidia kubeba. Papasa ubavu wa mwisho ukiwa chini, ufuate unavyopanda hadi karibu na uti, uweke alama ya chaki. Mwisho, simama pembeni utazame kikalio: sehemu yake ya chini kabisa iwe katikati. Ikiwa imeelemea nyuma, utakaa kama mtu anayetelemka, na uzito wako utakwenda kiunoni mwa farasi.

Kwa matatu uliyoyataja, mimi ningeanza na la pili, kwa sababu linakuwezesha kubadilisha upana wa mbele misuli itakapoanza kurudi. Ujue tu kwamba chuma kile hubadilisha mbele peke yake. Umbo la mito halibadiliki, kwa hiyo bado unapaswa kupitisha mkono na kutazama mfereji.


MCHUKUZI WA SENGEREMA

Mama wa Dunga ameeleza vizuri, lakini naomba nitofautiane naye kwa heshima. Sisi tunafanya kazi na punda miaka yote, na ninajua kwamba mnyama aliyewekewa matandiko manene haoti vidonda, na yule aliyefungwa mzigo juu ya gunia moja jembamba hutoka damu kabla ya kufika mnadani. Sioni kwa nini farasi awe tofauti. Blanketi lililokunjwa mara mbili ni rahisi, linafuliwa, na linapatikana kila soko. Kumwambia ndugu yetu atafute tandiko la gharama wakati unene wa blanketi unaweza kuziba kasoro ndogo ni kumtwisha mzigo.


MAMA WA DUNGA, KISUMU

Ndugu Mchukuzi, kwa punda wa mizigo una haki kabisa, na laiti wote wangefanya kama wewe. Lakini pale punda hana kiunzi kigumu juu yake. Matandiko manene ndiyo yanayouinua mzigo usikae juu ya uti, na kwa kuwa hakuna kitu chenye umbo maalumu juu yake, unene haumbani. Tandiko la farasi lina kiunzi cha mbao, cha chuma au cha plastiki ngumu, ambacho kina upana wake usiobadilika, na ukiongeza blanketi chini yake ni kama kuvaa soksi tatu ndani ya kiatu ambacho tayari kinabana. Tandiko pana kidogo linaweza kuvumilia pedi nene. Tandiko jembamba litazidi kuuma, na blanketi lililokunjwa likijivuta chini kwa jasho hukaza juu ya mwinuko uleule tunaotaka uwe huru. Hata pedi nzuri sharti ivutwe juu iingie ndani ya mfereji kabla mshipi haujafungwa.

Kuhusu gharama sikubishii. Tandiko baya nalo lina gharama yake, na hulipwa na farasi kwanza.


DAKTARI WA MIFUGO, BUNDA

Ndugu Mfugaji wa Kisesa, nimesoma maelezo yako na ninakuomba usitangulize tandiko mbele ya mgongo. Farasi anayelaza masikio anapowekewa kitu mgongoni anaweza kuwa anakumbuka maumivu, lakini pia anaweza kuwa nayo sasa, na chanzo kisiwe mgongoni. Farasi waliotoka mbioni mara nyingi huwa na vidonda vya tumbo, na wenye vidonda hivyo huchukia kufungwa mshipi. Kilema kidogo cha mguu wa nyuma nacho humfanya farasi atembee akiwa amekaza mgongo upande mmoja, kisha tandiko linateleza kuelekea upande mmoja, na mwenye farasi anabadilisha tandiko baada ya tandiko bila kupata nafuu. Mwite daktari wa mifugo amtazame akitembea na kukimbia mchakamchaka kwenye ardhi ngumu, amkague na meno, kabla hujalipia chochote.

Wewe mwenyewe unaweza kupapasa mgongo kila siku. Pitisha ncha za vidole kwa nguvu ya wastani pande zote mbili za uti, kwa umbali wa vidole vinne hivi, kutoka mwinuko hadi kiunoni. Farasi mzima atabonyea kidogo au hatajali. Anayekaza misuli ghafla, anayejikunja chini kwa kasi au kugeuka kutaka kuuma amekujibu, na siku hiyo asipandwe.

Baada ya kumpanda, ondoa tandiko utazame jasho. Hapa nataka kusahihisha imani moja iliyoenea. Sehemu kavu iliyozungukwa na jasho haina maana moja. Inaweza kuwa ni mahali palipobanwa mno hata tezi za jasho zikashindwa kufanya kazi, na inaweza pia kuwa ni mahali ambapo tandiko halikugusa kabisa. Kinachotenganisha mambo hayo mawili ni mkono wako: rudi baada ya nusu saa au zaidi upapase palepale, na ukikuta uvimbe, joto au uchungu, palibanwa. Nywele zilizosuguliwa na kusimama kinyume zinaonyesha kwamba tandiko linatembea. Mahali palipochubuka pasiwekwe tandiko tena mpaka ngozi imefunga kabisa, na pedi yenye tundu lililokatwa kukwepa kidonda haifai, kwa sababu kingo za tundu hilo hubana pembeni mwa kidonda na kuzuia damu.

Uzito nao ni sehemu ya kukaa vizuri kwa tandiko. Mwongozo unaotumiwa na wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko lake wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, na kwa farasi wako hiyo ni kilo 94. Wewe na tandiko la Kiingereza la kilo saba au nane mnabaki na nafasi. Tandiko kubwa la wachunga ng'ombe mara nyingi huwa na kilo 15 au zaidi, na hapo mnafika ukingoni, tena kwa mgongo ambao bado haujapata nguvu. Ningeliacha hilo la tatu kwa sababu hiyo pekee, ingawa lina faida ya kusambaza uzito juu ya eneo kubwa.

Ningependa pia umpe farasi wiki kadhaa za kazi bila mtu mgongoni. Mtembeze kwa mkono kupanda na kushuka vile vilima vyenu, mfundishe kurudi nyuma hatua chache kwa upole, mwonyeshe kipande cha karoti kati ya miguu ya mbele na ubavuni ili ainamishe shingo na kuinua mgongo mwenyewe. Mgongo utabadilika, na michoro aliyokufundisha Mama wa Dunga itakuonyesha umebadilika kiasi gani. Irudie baada ya miezi michache, na usiache hata ukishapata tandiko linalofaa, kwani farasi hunenepa wakati wa mvua na majani, akapungua wakati wa kiangazi, na lililomtosha Aprili laweza kumpwaya Septemba.


FUNDI NGOZI, KIRUMBA

Mimi ni fundi wa viatu na mikoba, na nimewahi kushona matandiko machache yaliyoletwa kwangu, kwa hiyo nitasema ya ngozi na mshono tu. Ya mgongo nawaachia Mama na Daktari.

Tandiko lililotumika likaguliwe kiunzi chake kabla ya kutazamwa uzuri wa ngozi. Egemeza tao la mbele kwenye tumbo lako, shika ukingo wa nyuma, uuvute kuelekea kwako. Kiunzi chenye springi kitatoa kidogo na kurudi. Kikiwa kimevunjika utaona ngozi ya kikalio inajikunja mkunjo mkali, au utasikia mlio. Kisha shika ncha mbili za mbele, uzibane na kuzitanua: zisisogee kabisa. Ligeuze juu chini ulitazame kwa kufuata mfereji, kama fundi seremala anavyotazama ubao, uone kama mito miwili inalingana au tandiko limejipinda. Kiunzi kilichovunjika au kujipinda mimi sikitengenezi, wala nisingemshauri mtu akinunue kwa bei yoyote.

Kagua vikanda vinavyoshika mshipi, hasa pale vinapoingia chini ya ngozi ya pembeni, kwa sababu jasho hukaa hapo na kuozesha uzi. Vikunje: ngozi nzima hupinda bila kupasuka, iliyokufa hutoa nyufa. Matundu yaliyovutika yakawa marefu ni dalili kwamba kanda hizo zibadilishwe. Hiyo ni kazi ninayoweza kuifanya, lakini kwa ngozi nzito ya mboga, yaani iliyolainishwa kwa maganda ya miti, na kwa uzi uliopakwa nta. Ngozi laini ya mikoba haifai hata kidogo.

Ujazo wa mito ndio unaonifanya nilipende tandiko la sufu. Sufu inaweza kuongezwa au kupunguzwa kupitia matundu ya mto, na ikishikamana mabonge inatolewa yote na kujazwa upya. Msijaze kwa sufi za mito ya kulalia wala kwa vipande vya magodoro, maana vinalala chini muda mfupi na kuacha vinundu. Tandiko lililojazwa upya hushuka katika miezi ya kwanza, hivyo lirudishwe kukaguliwa. La sponji halirekebishiki kwa namna hiyo. Sponji ikichoka, mto mzima unabadilishwa.

Na kwa sisi tulio kando ya ziwa, unyevu ni adui wa ngozi. Lisitunzwe ndani ya mfuko wa plastiki. Likae juu ya boriti ya mviringo mahali penye hewa, lifutwe jasho kwa kitambaa chenye maji kidogo kila baada ya matumizi, lipakwe mafuta ya ngozi kwa kiasi. Ukungu ukilipata lifutwe na kukaushwa kivulini, wala lisianikwe juani kwa nia ya kuua ukungu, kwa sababu litakauka na kupasuka.


MFUGAJI WA KISESA

Ninawashukuru sana, Mama, Daktari, Fundi, na wewe Mchukuzi pia, kwa sababu swali lako la blanketi ndilo lililokuwa kinywani mwangu. Nimechora michoro yote minne. Bega la kushoto ni kubwa kuliko la kulia kwa tofauti inayoonekana wazi kwenye katoni, na upande wa kulia ndio wenye baka jeupe. Muuzaji wa Arusha alikubali kukata kipande kwa kufuata picha yangu, naye akakiri kwamba tao la mbele la tandiko lake linaingia ndani ya mstari, upande wa kushoto. Analo jingine la sufu, la wastani, ambalo kipande kinaingia na kuacha nafasi pande zote, ila ujazo wake umekaa mabonge. Daktari wa wilaya atakuja kumtazama farasi kwanza.

Nimebaki na maswali mawili. Je, lile la wastani lenye sufu lina faida kuliko lenye chuma cha kubadilisha? Na kwa kuwa farasi huyu ana kifua kirefu kwenda chini na tumbo lililopanda nyuma, nitazuiaje tandiko lisiteleze kwenye vilima?


MAMA WA DUNGA, KISUMU

Ikiwa mfereji wake ni mpana hadi nyuma na Fundi akakiona kiunzi ni kizima, chukua hilo la wastani, mwanangu. Sufu itakuwezesha kujaza upande wa kulia zaidi ya kushoto, jambo ambalo chuma cha kubadilisha hakiwezi kulifanya, kwa kuwa chuma hutanuka pande zote kwa pamoja. Mwambie Fundi asijaze kupita kiasi mbele. Mto mgumu wenye nundu unaumiza sawa na ncha ya kiunzi.

Kuhusu kuteleza, umbo ulilolieleza ni la thorobredi wengi, na tandiko hurudi nyuma wanapopanda mlima. Usikaze mshipi kupita kiasi kulizuia. Mshipi ufungwe hatua kwa hatua, uwe na sehemu ya kunyumbulika pande zote mbili, na ulale pale kifua kinapokuwa chembamba, upana wa kiganja nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Ongeza mkanda wa kifua uliolegea kiasi cha ngumi kupita, usimzuie kunyoosha mabega. Ukishuka, shuka moja kwa moja bila kukata mteremko kwa upande, na kwenye miteremko mikali ya mawe teremka umwongoze kwa mkono.


FUNDI NGOZI, KIRUMBA

Likifika, lilete pamoja na ile katoni ya bega na mchoro wa urefu wa mgongo. Nitatoa sufu yote, nitaichambua iliyo nzima, na nitajaza nusu nusu, kisha tutakwenda wote Kisesa kulijaribu juu ya farasi kabla sijafunga mshono wa mwisho. Tafadhali usifungue mito mwenyewe, na usimruhusu muuzaji aiguse, kwa sababu ninahitaji kuona mabonge yalipokaa.